Alinibeba kwa Nguvu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na ndoo imerudi mahali pake katikati ya chumba cha mahakama, kati ya kizimba na meza ya mwendesha mashtaka. Kila mwaka fundi wa paa huitwa, hupanda, hushuka akasema sasa basi, halivuji tena. Kutwa nzima nimetafsiri huku tone likiniitikia kila nikimaliza sentensi.

Naanza kuandika humu kwa sababu nimechoka na sauti yangu. Mimi ni mkalimani. Shahidi akisema "niliiba," nami nasema kwa Kiingereza kwamba niliiba. Akisema "naogopa," naogopa na mimi, tena kwa sarufi safi. Nikifika nyumbani sina neno lililobaki. Basi humu "mimi" atakuwa mimi.

Kaka amepiga simu. Anaendesha lori, na mvua ikimkuta njiani ndipo anapomkumbuka Baba. "Umekiona kile kilima kilivyoloa? Mzee atazikwa akiwa hai." Nikamwambia nitakwenda kumsihi tena. "Wewe endelea kusihi," akasema. "Mimi nitakuja kumbeba."

Baba anaishi peke yake tangu Mama afariki, katika nyumba aliyoijenga kidogo kidogo ubavuni mwa kilima, enzi zake za kufundisha Kiingereza. Udongo wa nyuma umeanza kuteleza. Chumba chake hapa kwangu kipo tayari, kitanda kimetandikwa. Hataki, na hasemi kwa nini.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kesi mbili zimeahirishwa, mashahidi wamekwama njiani. Nimefua, hakijakauka kitu.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimetafsiri kesi inayonifanya nitembee humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mshtakiwa ni fundi mwashi, mtu wa makamo, saruji imemla vidole. Anashtakiwa kwamba msimu uliopita wa mvua alimtoa mama yake wa kambo ndani ya nyumba ya mama huyo bila ridhaa, kisha akaifunga nyumba kwa kufuli. Aliyepeleka mashtaka ni mwana wa kumzaa wa yule mama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi katika mji mwingine. Anasema Fundi anakitaka kiwanja cha ile nyumba. Fundi anasema nyumba iko ukingoni mwa korongo, ingemwangukia mama. Tatizo lake ni moja tu: nyumba haikuanguka. Msimu ule ulipita, jua likawaka, na nyumba bado imesimama na kufuli lake mlangoni.

Bibi huyo mwenyewe alipanda kizimba cha mashahidi polepole, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Ni mdogo wa umbo, sauti yake haina haraka. Mwendesha mashtaka ni msichana aliyemaliza chuo juzijuzi, viatu vyake vinafika kabla yake. Akauliza, "Mama, mshtakiwa alikutoaje ndani?"

"Alinibeba," Bibi akasema. "Alinibeba kwa nguvu, mvua inanyesha, mpaka barabarani."

Nami nikasema kwa Kiingereza kwamba alinibeba, nikamalizia na neno forcibly, kwa mabavu. Lilitoka lenyewe. Ndilo neno la mashtaka, lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyosomwa asubuhi, na ulimi wangu ulikuwa umeshalionja.

Hakimu wetu ametoka upande ambao Kiswahili hakizungumzwi. Anakijua cha salamu na cha kununua ndizi. Mengine yote huyapata kinywani mwangu. Anaandika kwa mkono. Niliiona kalamu yake ikisimama kwenye neno lile, kisha ikalipigia mstari. Mwendesha mashtaka akasema hana swali jingine. Wakili wa Fundi, ambaye leo alikuwa na mafua na macho mekundu, akasema na yeye hana. Bibi akashushwa. Ikaahirishwa.

Haikuchukua hata muda wa ndoo kujaa.

Ijumaa, 15 Machi

Neno limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi jirani alimwambia mumewe, "Usukume kwa nguvu, mlango umevimba." Mchana karani akasema redio ya mlinzi inalia kwa nguvu. Nikakumbuka Mama alivyokuwa akituvusha mto, mkono wangu ameushika kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi, na sikuwahi kuona kwamba nimetendewa kosa.

Bibi alikuwa na maana gani? Kwamba alibebwa kwa mabavu, hataki? Au kwamba yule mtu alitumia nguvu zake zote kumbeba? Najaribu kuukumbuka uso wake aliposema. Siukumbuki. Nilikuwa namtazama mwendesha mashtaka.

Jumapili, 17 Machi

Kwa Baba.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeleta mkate?"

Nilileta. Kabla ya kukaa nikazunguka nyuma ya nyumba. Kati ya ukuta na kilima pana ufa ambamo mwezi uliopita kiliingia kidole; leo mkono wangu umeingia hadi kifundo. Nikamwambia. Akasema nyumba ni mzee kama yeye, inanyoosha viungo.

Nikamweleza habari ya lile neno bila kumtaja mtu. Mwalimu akafufuka. Akajiweka sawa kitini, akasema, "Lete kamusi, ile kubwa. Soma wewe, macho yako bado mapya."

Nikasoma. Mwanzo wake ni Kilatini, fortis, mwenye nguvu, tena hata jasiri. Hapo halina ubaya wowote. Likapita kwa Wafaransa, likawa force, na Waingereza wakalichukua kutoka kwao.

"Walikuwa na lao la zamani," Baba akadakia. "Main, nguvu ya mwili. Mtu akikimbia kwa nguvu zake zote, walisema amekimbia amain. Limekufa hilo, utalikuta kwenye vitabu vya kale tu. Endelea. Forcibly ina maana ngapi hapo?"

"Mbili. Ya kwanza, kwa kulazimisha. Ya pili..." Nikasoma tena. "Kwa uzito. Kama hoja iliyomgusa mtu sana."

"Umeona. Hata huko kwao lilikuwa na milango miwili. Mahakamani wameufunga mmoja."

"Na letu sisi, Baba?"

"Letu tunalo mabavu. Nadhani limetoka ubavuni, mtu anayekusukuma kwa mbavu zake. Lazima na shuruti tumeyaazima kwa Waarabu. Nguvu ni yetu wenyewe, nayo haina dhambi mpaka uambiwe nani kaitumia, kwa nani, na huyo alisemaje."

"Basi mimi ningesema nini pale?"

"Ungeuliza."

"Mkalimani haulizi, Baba. Ameapa kutoongeza wala kupunguza."

"Na uliongeza au ulipunguza?"

Nilifunga kamusi. Alikata mkate kwa mkono, makombo yakamwangukia miguuni, hakuyajali. Wakati wa kuondoka nikamwambia twende wote, leo hii, nguo zitafuata.

"Siwezi," akasema. "Nina madaftari ya kusahihisha."

Huo ndio utani wake tangu astaafu, kila asipotaka jambo. Nikacheka, kama kawaida. Nilipofika barabarani nikakasirika kwamba nimecheka.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda kwa hakimu.

Nilimwambia karani kwanza, naye akaniangalia kama mtu anayevua viatu ili aingie motoni. Hakimu hakutaka kunisikia peke yangu, akawaita pande zote mbili ofisini. Siku zote nimemwona mtu wa kutaka tu kumaliza kabla ya chakula cha mchana.

"Sema," akaniambia.

"Mheshimiwa, Alhamisi ile nilitafsiri neno la shahidi kwa maana moja. Lina maana mbili. Sijui yeye alikusudia ipi."

Mwendesha mashtaka hakungoja. "Mheshimiwa, mkalimani si shahidi. Na siku zote hizi zimepita. Tunajuaje nani amemfikia?"

Nilihisi masikio yanawaka. Miaka yote niliyofanya kazi hapa hakuna aliyewahi kunisema hivyo, na amenisema mtu ambaye ningeweza kuwa mama yake mdogo. Hakimu akavua miwani.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Siku ile sikusikia, Mheshimiwa. Nilisikia baadaye."

"Ulisikia baadaye," akarudia, akaandika. Kisha akaamua: Bibi ataitwa tena. Nitatafsiri mimi, lakini atakuwepo mkalimani wa pili kutoka mahakama nyingine, anisikilize. Akasema si kwamba ana shaka nami. Wote tulijua ni shaka.

Karani ananiambia pana maneno kwamba nitaandikiwa onyo.

Jumamosi, 23 Machi

Kaka alikuja na lori, akaniokota, tukaenda kwa Baba. Aliingia bila kubisha hodi. "Baba, twende."

Baba akainuka, akaingia chumbani, akakomea kwa ndani. Kaka akagonga. Kutoka kule ndani tukasikia sauti ya darasani ikikariri vitenzi vya Kiingereza, vile visivyofuata kanuni, kimoja baada ya kingine, kwa nguvu, kama alivyotukaririsha sisi tukiwa watoto. Kila Kaka alipofungua mdomo, Baba alipandisha sauti. Kaka akaanza kucheka asipende, kisha akaudaka mkono wake mwenyewe kabla haujapiga mlango, akalipiga teke kigoda badala yake.

Njiani akaniambia, "Mdogo wangu, wewe na kusikiliza kwako mtaniletea maiti. Ufa ukifika jikoni nakuja na mwenzangu, tunambeba. Atanishukuru akiwa hai."

Nilikuwa naona ana haki.

Jumapili, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimepanga kabati. Nimelipangua.

Jumanne, 2 Aprili

Fundi alinikuta barazani nikingoja mvua ipungue. "Dada, nasikia umenisemea."

"Sijakusemea. Na usiongee nami, hairuhusiwi."

"Sawa." Akageuka akaitazama mvua, akasema nayo badala yangu. "Mama alinikuta nikiwa bado nafungwa vifungo vya shati. Yeye ndiye aliyeniogesha. Leo naambiwa nilimtoa kama mwizi."

Niliondoka nikalowa. Lakini nimeshaamua moyoni kwamba ni mtu mwema. Natembea huku namwombea Bibi aseme ile maana ya pili, nguvu za mtu anayeokoa. Mkalimani hatakiwi kutaka. Nataka.

Jumatatu, 8 Aprili

Nyumba ya Bibi imeanguka.

Karani ndiye aliyeleta habari, na kabla ya saa nne mahakama nzima ilikuwa nayo. Korongo lilikatika usiku wa juzi, likaenda na nyumba, kufuli, kila kitu. Mlinzi ambaye wiki jana alimwita Fundi mnyang'anyi leo anamwita shujaa. Wakili wake amepona mafua, anatembea kifua mbele. Mwendesha mashtaka alipita na mafaili yake bila kumsalimu mtu.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ya mwanamke mzee imekwenda na maji, na mimi nilifurahi.

Jioni nilimpigia Baba simu nikamwambia. Akauliza, "Na yule mama ameambiwa na nani?"

Hakuna mwingine aliyeniuliza hilo kutwa nzima, na mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza.

Alhamisi, 11 Aprili

Chumba kilijaa. Watu walikuja kuona Fundi akiachiwa. Mwana wa kumzaa wa Bibi alikaa nyuma karibu na mlango, simu mkononi. Mkalimani wa pili, mwanamume mwenye tai iliyokaza shingo, aliketi nyuma yangu; nilisikia pumzi zake.

Hakimu akaniagiza nimuulize Bibi alikusudia nini.

"Mama, siku ile ulisema alikubeba kwa nguvu. Ulikuwa na maana gani?"

Akanitazama, kwa mara ya kwanza nadhani. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiyarudia maneno yangu?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Ulisema nini?"

Nikamgeukia hakimu. Akasema nimwambie.

"Nilisema alikubeba bila wewe kutaka."

"Ni kweli," akasema.

Kizimbani Fundi aliinamisha kichwa. Lakini Bibi hakuwa amemaliza.

"Na ulitaka kusema nini kingine?"

"Kwamba alikubeba kwa nguvu zake zote."

"Hiyo nayo ni kweli. Msinione mdogo, mimi ni mzito. Njia ilikuwa tope mpaka magotini. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, na hakuniachia. Nilikuwa mgongoni kwake, nikausikia moyo wake unavyogonga, nikasema huyu atakufa kabla yangu. Na mimi nilimuuma begani. Muulizeni kama alama haipo."

Mkono wa Fundi ulipanda begani wenyewe. Watu wakacheka. Nilitafsiri yote, na kuumwa begani pia.

Wakili wa Fundi akaketi ametosheka. Mwendesha mashtaka akasimama. Nilijiandaa kwa viatu vyake, lakini leo alisogea taratibu, akasimama karibu na Bibi na kuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza nyumbani.

"Mama, pole kwa nyumba. Mwenzetu asingekutoa, pengine ungekuwa humo. Ukiyajua hayo, leo unasema ulikubali kutoka?"

Bibi alimgeukia.

"Kuanguka kwa nyumba ni habari ya nyumba," akasema. "Mimi sikukubali. Alikuja akasema, Mama, toka. Nikasema sitoki. Hakuniuliza kwa nini. Angeniuliza ningemwambia. Baba yake amelala nyuma ya ile nyumba. Nilitaka nimuage. Ni kusimama kidogo tu, kisha ningetoka kwa miguu yangu, wala asingechafuka tope. Yeye akanibeba. Kisha akafunga kufuli. Kila siku nilimwambia nipeleke nikamuage baba yako, naye akasema, Mama, mvua ikikatika. Jua likawaka, akasema, kazi ikipungua. Sasa korongo limemchukua na mzee. Nimuage wapi?"

Nilitafsiri. Kwa Kiingereza pia ilikuwa "nimuage wapi", na ilikuwa mimi ninayeuliza. Sauti ilinikatika katikati, nikairudia sentensi tangu mwanzo ili isipotee hata silabi. Kizimbani Fundi alikuwa akilia bila sauti, machozi yanatiririka tu, mikono imeshika mbao. Nadhani hakuwa amejua. Nadhani hata yeye hakuwahi kusikia sababu ile mpaka leo.

"Unataka afungwe?" hakimu akauliza, kwa Kiswahili chake cha ndizi, hakungoja mkalimani.

"Nani kasema afungwe? Akifungwa nani ataniegesha ukutani nikioga? Aliyeshtaki ni yule pale. Mimi niliulizwa lililotokea, nikalisema."

Watu wakageuka. Kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu.

Mkalimani wa pili aliulizwa kama ana la kusahihisha. Akasema hana. Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Nimeketi hapo miaka mingi kiasi cha kuweza kusoma mwandiko wake hata karatasi ikiwa imegeuzwa. Aliandika maana zote mbili.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimepika, sijala. Nimewasha redio, nimeizima. Nilimtaka Fundi awe mwema na akawa, na haikutosha.

Jumamosi, 13 Aprili

Kaka alipiga simu asubuhi na mapema: ufa umefika jikoni. Nilipofika kwa Baba lori lilikuwa limeshapandishwa hadi mahali barabara inapoishia, na Kaka yuko na dereva mwenzake, mtu mwenye kifua kama mlango. Mvua ilikuwa inapiga ubavuni. Sakafu ya jikoni imepasuka kutoka ukutani hadi kizingitini, na upande wa nyuma umeshuka.

Baba alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti chake, amevaa koti.

"Baba, leo hakuna vitenzi," Kaka akasema, akainama kumshika chini ya kwapa.

"Ngoja," nikasema.

"Ningoje nini? Kilima?"

"Swali moja."

Nikachuchumaa mbele ya kiti. "Baba, kwa nini hutaki kuja kwangu?"

"Nimeshakwambia."

"Hujaniambia. Umenichekesha."

Jikoni kitu kilidondoka, kikavunjika. Kaka alifunga macho. Baba akasema, "Kaka yako na mwenzake watoke kwanza."

Walitoka, Kaka akiniangalia kwa namna ambayo tutakuja kuizungumza siku nyingine. Baba akaweka mikono magotini.

"Sioni," akasema.

"Huoni nini, Baba?"

"Sioni, mwanangu. Tangu mwaka jana. Naona mwanga, naona vivuli. Wewe sasa hivi ni kivuli kilicholoa." Akatabasamu kidogo, akaliacha tabasamu. "Humu ndani naijua kila kona. Mlango, pembe ya meza, ndoano ya koti, birika. Mikono yangu inanisomea. Mtu akiingia humu ananikuta mwalimu. Nikitoka nitakuwa kipofu anayeshikwa mkono kupelekwa chooni, katika nyumba ya bintiye, mbele za watu."

Nikayaona yote kwa mpigo: kamusi niliyosomeshwa, makombo miguuni, simu anazozipokea bila kuniita jina mpaka nianze kusema. Nilikuwa nakuja hapa kila wiki na kuukagua ufa wa ukuta.

Sikumwambia haitakuwa hivyo. Sikujua. Nikamwambia, "Chumba chako kimepangwa na mimi. Tutakipangua. Utaweka kila kitu unapotaka wewe, na hakuna atakayekigusa."

"Na mlango? Mimi nafungua kwa mkono wa kushoto."

"Kaka atahamisha bawaba zake."

"Na kamusi."

"Kamusi itabebwa na Kaka mwenyewe."

Akafikiri. Nje Kaka aliita jina langu. Kisha Baba akainuka, akasema anataka kuizunguka nyumba kwanza. Ilikuwa wazimu. Nilimshika kiwiko, tukaenda. Aligusa kila ukuta, sebuleni, chumbani, korido. Kwenye kizingiti cha jikoni nikamvuta nyuma na yeye akanielewa, akanyoosha mkono akagusa mwimo wa mlango tu. Kaka alisimama mlangoni macho juu ya kilima, mkono ameuweka mdomoni, na ninamshukuru kwamba hakutukimbiza.

Alitoka kwa miguu yake. Kwenye tope ndipo aliponishika mkono, na alinishika kwa nguvu hivi kwamba mpaka sasa ninapoandika kuna alama za vidole vyake vinne. Kaka alikuja nyuma na kamusi kifuani, ameifunga kwa turubai la lori.

Jumatano, 24 Aprili

Hukumu. Hakimu amesema Fundi alimtoa Bibi bila ridhaa yake. Kwamba hatari ilikuwa ya kweli, na kwa kumtoa hana hatia. Kwa kufuli ana hatia. Hakuna aliyekuwa hatarini tena siku zile za jua, na nyumba haikuwa yake. Hatafungwa, ila ameonywa, na ameamriwa ampe mwenye nyumba ufunguo wake.

Wakili akasimama kusema kwamba nyumba haipo tena. "Ufunguo upo," hakimu akamjibu.

Ulikuwepo, mfukoni mwa Fundi. Alishuka kizimbani, akapiga magoti mbele ya benchi la Bibi, akautoa. "Mama, nisamehe. Sikukuuliza."

Bibi aliupokea, akaufunga kwenye pindo la nguo yake kwa mafundo mawili. Hakusema amesamehe. Kisha akaweka mkono begani kwake, lile bega, ili ainuke.

Onyo langu halijaandikwa. Badala yake hakimu amepata ugonjwa mpya: shahidi akisema neno zito, anainua kalamu na kuniuliza, "Mkalimani, lina maana ngapi?" Leo tumechelewa chakula cha mchana.

Kwenye ngazi mwendesha mashtaka alinisubiri. "Kule ofisini nilikukosea," akasema.

"Ulikuwa kazini."

"Nilikukosea, dada," akarudia, akaenda zake.

Jumapili, 5 Mei

Mvua imepungua, inakuja na kuondoka kama mtu aliyesahau kitu.

Baba ameshapangua chumba mara tatu. Kitanda kimehamia dirishani, meza imerudi ilikokuwa. Mlango sasa unafunguka kushoto, unagonga kabati, na yeye anasema kabati ndilo lenye makosa. Ana jeraha kwenye muundi, nami nina lawama kila asubuhi: "Nani amesogeza kiti?" Hakuna aliyekisogeza. Jana alikwenda chooni peke yake huku na kurudi, na nikakaa jikoni nimeshika kijiko, sikumfuata.

Asubuhi aliniuliza kama nyumba yake imeanguka. Nikasema bado, Kaka alipita, jiko tu ndilo limekwenda.

"Basi nilikuwa na haki."

"Ulikuwa nayo."

"Nipeleke."

Tukaenda leo hii hii. Hatukukaribia; nilimsimamisha pale barabara inapoishia, uso nikauelekeza kilimani. Akaniambia nimweleze ninachokiona, nisiongeze wala nisipunguze. Nikamwambia: ukuta wa sebule umesimama. Paa limelala upande wa kushoto. Jikoni ni udongo mtupu, mwekundu. Mlango wa mbele uko wazi. Dirisha la chumbani lina kioo kimoja, na pazia limetoka nje linapepea.

"La rangi gani?"

"Bluu."

"Mama yako alilinunua la kijani."

"Ni bluu, Baba. Naliona."

"Limepauka basi. Lilikuwa kijani."

Tulibishana njia nzima hadi nyumbani.